Namna ya kusimulia muvi nzito kwa watu wako bila kuiua, kutoka saluni moja ya Ngamiani

Muvi nzito ikiisha usiisimulie usiku huohuo. Hilo ndo la kwanza na ndo gumu kuliko yote, maana ikiisha tu kifua kimejaa, unataka kumpigia mtu, unataka uweke statasi, na ukisema muda huo utasema "jamani kali" au "jamani nimelia", basi, na hayo hata mtu ambae hajaiona anaweza kuyasema. Lala nayo. Asubuhi ukiwa unapiga mswaki au unafagia uwanja angalia kipande gani kimekujia chenyewe bila kukiita, hicho ndo maoni yako, anza nacho.

Mie ni msusi, saluni yangu ipo huku Ngamiani kwenye barabara za namba, Tanga mjini, na rasta ndogo kichwa kimoja ni masaa matano mpaka sita kwahiyo lazima tuongee. Tunaongea waume, watoto, vikoba, bei ya mchele, na muvi. Tv ipo ukutani ila anaesukwa kainamisha kichwa haioni, anasikia sauti tu, kwahiyo miaka yote hii nimekuwa mtu wa kuwasimulia watu muvi wakiwa wamenipa kisogo. Na kisogo kinaongea nakwambia. Ukimchosha shingo inalegea, ukimgusa shingo inakaza, unaihisi kabisa kwenye vidole. Muvi zenyewe nyingi naletewa na mdogo wangu, alisoma sanaa pale Bagamoyo TaSUBa, akija nyumbani anakuja na hard disk imejaa za kila nchi, mpya na za zamani zile zisizo na rangi, na hizo ndo zimenifundisha kwamba kuna muvi za kusimulia kirahisi, steringi kapiga wabaya kaokoa mtoto kaondoka, na kuna zingine ukizisimulia ovyo unaziua, au mbaya zaidi unamuumiza mtu.

Sasa hicho kipande cha asubuhi unakifanyaje? Unakisimulia kama kilivyo, kwa vitu, sio kwa maneno makubwa. Ntakupa mfano wa kweli. Kuna muvi ya Italia ya mwaka 1948, Bicycle Thieves, aliitengeneza Vittorio De Sica. Baba mmoja pale Roma kakaa muda mrefu hana kazi, kapata kazi ya kubandika mabango, ila sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake kaiweka rehani. Ningeweza kuwaambia wateja wangu "ni muvi inayoonesha umaskini wa Italia baada ya vita vya pili", na ni kweli, ila ukisema hivo mtu anaitikia mh alafu anakuuliza dada umebakiza mistari mingapi. Kilichonijia mie asubuhi kilikuwa ni mashuka. Mke wake anasikia habari ya baiskeli, haulizi mara mbili, anaingia chumbani anavua mashuka ya kitandani, anayakunja wanaenda kuyaweka rehani ili baiskeli itoke. Yule wa dirishani anayapokea, anayahesabu, anatoa hela. Alafu yule baba anachungulia kule ndani anaona mtu kabeba furushi la mashuka yao anapanda nalo kwenye mashelfu, anapanda, anapanda, kumbe mashelfu yanaenda juu mpaka darini na yote yamejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine.

Nilivyoisimulia hivo hivo bila kuongeza kitu, dada niliekuwa namsuka alisema "wote hao wanalala kwenye godoro tupu". Sikumwambia mie, kasema mwenyewe. Ukisimulia kipande vizuri msikilizaji anafika peke yake, na akifika peke yake hatosahau, wala hutakuwa na haja ya kumwambia muvi inahusu nini.

Kipande kimoja. Viwili ukizidiwa. Watu wanakosea hapa, wanaanza "mwanzo kulikuwa na jamaa" alafu wanakwenda kipande kwa kipande, "alafu akaenda, alafu akarudi, alafu yule mwingine, ngoja nimesahau, kabla ya hapo", na mwisho aliesikiliza hajui wewe umeonaje, kajua tu njia muvi ilipopita. Masaa mawili ya muvi ukiyasimulia kwa dakika arobaini hujampa mtu maoni, umempa muvi mbovu kuliko yenyewe.

Mjomba wangu ni fundi baiskeli Makorora, na Tanga yetu hii kila mtu anajua ni mji wa baiskeli, bibi anaenda nayo sokoni, mwalimu anaenda nayo shule, watoto watatu kwenye baiskeli moja. Siku moja kapita saluni kuniletea samaki nkamsimulia habari ya mashuka, nkamwambia na kwamba siku ya kwanza ya kazi baba wa watu kapanda ngazi anabandika bango, baiskeli ikaibiwa. Hakuniuliza "alafu ikawaje". Kaniuliza "baiskeli gani?" Nkamwambia Fides. "Alikuwa na kufuli?" Nkasema sijaona kufuli mjomba. Kanyamaza kweli alafu kasema "mwanangu, baiskeli ya kazi haiachwi bila kufuli, huyo alikuwa na furaha mno siku hiyo". Wallahi mie nlikuwa nimeiangalia mara mbili na hilo sikuliona. Kesho yake kaja kukaa kwenye benchi na wateja wangu kaiangalia yote, na nlivyomwambia yule baba sio muigizaji, ni mfanyakazi wa kiwandani anaitwa Lamberto Maggiorani walimchukua tu, mjomba kasema alishajua, kwa jinsi anavyoishika baiskeli.

Kwahiyo hapo pia kuna la kujifunza, mpe mtu nafasi ya kuuliza kutoka kwenye kazi yake na maisha yake. Usijaze maneno yote wewe.

Mwisho wa hiyo muvi sikwambii, na hapa ndo naingia kwenye jambo linaloniuma. Kuna watu wanaua muvi. Mtu anakwambia "angalia ila yule mama anakufa", unabaki umeshika rimoti mkono umekuwa mzito. Mie nimeharibiwa muvi moja na mtu wangu wa karibu sana, nlikuwa nimeisubiri miezi, sitaki hata kuitaja, na mpaka leo sijaiangalia. Kanuni ninayotumia ni hii, simulia mpaka pale jambo linapoharibika, funga mdomo hapo hapo. Kila muvi ina mahali ambapo maisha yanakwenda kwenye mstari alafu kitu kinaingia. Kabla ya hapo ni mali ya kila mtu, baada ya hapo ni mali ya anaeangalia.

Mfano Parasite, ile ya Korea Kusini ya 2019 ya Bong Joon-ho, iliyochukua tuzo kubwa ya Cannes mwaka huo, alafu Februari 2020 ikachukua Oscar ya muvi bora, ya kwanza kuichukua ikiwa sio ya Kiingereza. Mie naisimulia hivi, familia ya watu wanne wanakaa kwenye chumba ambacho nusu kipo chini ya ardhi, dirisha lao lipo usawa wa barabara, mlevi akija kukojoa anakojoa usoni kwao, kazi yao kukunja maboksi ya piza. Kijana wao anapata kazi ya kumfundisha tuisheni binti wa tajiri, kwa vyeti vya kughushi. Alafu anamuingiza dada yake kwa uongo, dada anamuingiza baba awe dereva, wanamuingiza na mama awe mama wa kazi, na matajiri hawajui kama hao wote ni familia moja. Alafu usiku mmoja matajiri wamesafiri, hawa wamekaa sebuleni kwa watu wanakunywa pombe za watu, mvua inanyesha kubwa, kengele ya geti inalia.

Naishia hapo. Kichwa kizima kinageuka, wananiambia nani huyo, nani, nawaambia inama nimalize mstari. Na hakuna hata mmoja ambae hajaitafuta.

Hiyo Parasite inanipeleka kwenye muvi ambazo watu wanapata tabu kweli kuzitolea maoni, zile komedi za giza, za kuchekesha kwenye jambo la kufa au la aibu au la dhulma. Mtu anaogopa kusema nimecheka asije akaonekana hana utu. Lakini jamani sisi mbona tunalijua hili kabla ya muvi? Msiba ukitokea si watani wanakuja. Watu wanalia, mtani kavaa koti la marehemu anatembea kama marehemu, anakohoa kama yeye, anamdai mjane hela ya ugoro, akifika makaburini anajilaza kwenye shimo lililochimbwa anasema huyu hazikwi hapa mpaka mtoe chochote. Nimeshamuona mjane anacheka mpaka anashika mbavu na machozi bado yanamshuka, kichwani kasukwa twende kilioni nlimsuka mie asubuhi yake. Kicheko chake hakikupunguza msiba. Alipomaliza kucheka alilia zaidi, na mtani wake ndo aliemshika asianguke.

Komedi ya giza nzuri inafanya kazi kama mtani. Na mbaya inafanya kama mtu baki aliekuja kuchekea msiba wa watu. Ukitaka kutoa maoni kuhusu muvi ya namna hiyo jiulize kwanza hilo, huyu alietengeneza ni mtani au ni mtu baki? Anawajua hawa watu? Anawalilia pia? Shuleni tulifundishwa tanzia upande huu na futuhi upande ule, ila hizi zinakaa kwenye mpaka katikati na hapo kwenye mpaka ndo pa kuangalia. Stanley Kubrick muvi yake ya 1964, Dr. Strangelove, ya mabomu ya nyuklia, alianza kuiandika iwe ya kutisha kabisa, kutoka kwenye riwaya ya Peter George ambayo haina mchezo ndani, ila kila akijaribu kuandika jinsi wakubwa wanavyoweza kuimaliza dunia kwa bahati mbaya anaona mambo yenyewe yanachekesha, akaamua kuacha yachekeshe. Inatisha hivo hivo. Mie ilinitisha zaidi kwa sababu nlicheka.

Kwahiyo ukisimulia muvi ya namna hiyo sema wazi ulicheka wapi, alafu sema kicheko kilikatika wapi. Pale kilipokatika ndo pana maneno. Kwangu kwenye Parasite ni harufu. Mtoto mdogo wa yule tajiri anamnusa dereva anamnusa na mama wa kazi, anasema wananuka sawasawa. Nlicheka sana maana nlidhani sasa wanakamatwa. Baadae wapo kwao wanajadiliana, kila mtu atumie sabuni yake, mama anauliza yani nifue mara nne, na binti anasema sio sabuni hiyo, ni harufu ya chumba, mpaka tuhame hapa ndo itatoka. Hapo nkaacha kucheka. Nlivyolisimulia hilo saluni kulikuwa na dada mmoja anasubiri zamu, baba yake ni mvuvi, kanyamaza muda alafu kasema "mie darasa la tano walikuwa wanahama dawati langu. Mama alikuwa ananifulia sare na ndimu". Saluni nzima kimya, feni tu inazunguka. Hatukuiongelea tena muvi siku ile tuliongelea ndimu, tuliongelea nani alihamiwa dawati na nani alikuwa anahama, na mmoja akasema mie nlikuwa nahama, nisameheni.

Kwa hiyo usione mazungumzo yametoka kwenye muvi ukalazimisha kuyarudisha. Yaache yaende.

Sasa zile za kusumbua moyo kabisa, zile ambazo hazina kicheko, za ubakaji, za vita, za watoto kuteswa, za ulevi wa unga, hapo nakuomba uwe na adabu mara mbili na ntakueleza kilichonifanya nijue. Kuna muvi ya mwaka 2000 inaitwa Requiem for a Dream, ya Darren Aronofsky. Ni ya kijana wa unga na mama yake. Inaanza kijana anachukua tv ya mama yake anaikokota barabarani anaenda kuiuza, na sio mara ya kwanza, mama kila mara anaenda kuinunua tena kwa yule yule aliyeuziwa. Mie ilinikaa siku tatu. Siku ya nne kaja mteja mgeni, mama wa makamo, mpole, anataka rasta za kati, nkamkalisha kwenye kistuli na mie kama kawaida nkaanza. Nkaanza na tv. Nikaisimulia vizuri kwa vitu kama nlivyokwambia hapo juu, jinsi inavyosukumwa kwenye magurudumu, jinsi mama alivyojifungia anachungulia kwenye tundu la kitasa. Shingo yake ikaanza kushuka. Nkadhani kasinzia maana wengi wanasinzia, nkamwinua kidogo na mkia wa kitana, ikashuka tena. Alafu nkaona pakiti ya rasta kwenye mapaja yake ina matone ya maji juu ya nailoni. Tone, tone.

Nywele nlikuwa nimefika nusu. Hawezi hata kuondoka.

Nlisimamisha mikono nkamwambia dada nisamehe, sikujua. Kasema "alianza na feni. Akaja jiko la gesi. Tv nimeificha kwa dada yangu Pongwe". Nkamletea maji. Tukakaa. Alafu kasema endelea kusuka mwanangu, ila hiyo muvi iache.

Tangu siku hiyo siisimulii muvi ya namna hiyo kabla sijauliza, na nauliza kwa kulitaja jambo lenyewe. Sio "kuna muvi inasikitisha", kusikitisha ni neno pana halimlindi mtu. Nasema "nina muvi moja ya mtoto wa unga na mama yake, nikwambie au tuiache?" Au nasema ina mtu kujiua, ina mtoto kafa, ina mwanamke kaingiliwa kwa nguvu. Taja. Kulitaja hakuharibu muvi hata kidogo, wengi wanasema niambie, na anaesema tuiache usimuulize kwanini, hadaiwi maelezo. Na ukiona mtu kachelewa kujibu chukulia kajibu hapana. Tanga ni mji mdogo jamani, hujui nani kaficha tv Pongwe.

Vivyo hivyo na mambo ya chumbani, kama muvi ina vipande hivo na mbele yako kuna mama mkwe wa mtu au baba mtu mzima kaja kumfuata mkewe, unasema tu "ina mambo ya wakubwa" unapita, aliyeelewa kaelewa. Sitara haipunguzi maoni.

Kuhusu kubishana. Mbishane, mie napenda sana ubishi wa muvi, ila kuna neno moja nimelipiga marufuku saluni kwangu nalo ni "hujaielewa". Mtu kaangalia masaa mawili katoa macho yake unamwambia hajaelewa, umemfunga mdomo, hatakwambia tena anachowaza. Muulize badala yake "kipande gani kimekuudhi?" Hapo utakuta muvi "mbaya" za watu zipo za aina mbili. Kuna mbaya kwamba haikutengenezwa vizuri, waigizaji wanasoma, hadithi inaruka, mwisho umebandikwa. Na kuna mbaya kwamba imemuuma. Ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wengi wanavichanganya. Mteja wangu mmoja alisema Parasite mbaya, nlipomuuliza kipande gani kasema pale familia inavyowafukuzisha kazi kwa fitina yule dereva wa mwanzo na yule mama wa kazi wa mwanzo, kasema "mnawachekea hawa wajanja, na yule dereva je, hana watoto?" Mie nlikuwa nimemsahau kabisa yule dereva. Hayo ni maoni makubwa na angeondoka nayo kama ningemjibu hujaelewa. Tulibishana wiki nzima na mpaka leo naona ana haki nusu.

Na "sikuipenda ila sijui kwanini" ni maoni halali, yaseme hivo hivo. Ukiyalazimisha utaanza kutunga sababu.

Kingine, sema umeiangalia ipi. Hili watu hawalisemi na linaleta ugomvi wa bure. Sisi wengi tumekulia mabanda ya video, muvi za kutafsiriwa enzi za kina Lufufu, na mpaka leo ukienda kuingiziwa muvi kwenye flashi wanakuuliza unataka iliyotafsiriwa au ya kawaida. Mtafsiri mzuri ni msanii kamili, anampa mbaya jina la Kiswahili, anaweka utani wake, anakueleza njiani, na nazipenda kutoka moyoni. Lakini kwenye muvi hizi nzito ukimya nao ni sehemu ya muvi, pale mtu anapokaa kimya sekunde ishirini ndo anakwambia kitu, na sauti ya mtafsiri ikijaza pale umeshapata muvi nyingine. Nlishabishana na shoga yangu kama kipande fulani ni cha kuchekesha au cha huzuni mpaka sauti zikapanda, kumbe yeye kasikia utani wa mtafsiri, mie nimesoma maandishi ya chini. Wote tulikuwa tunasema kweli. Basi ukianza sema tu, nimeiona iliyotafsiriwa, au nimesoma maandishi.

Na kama muvi imetoka kwenye kitabu sema pia kama umekisoma. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, mapenzi ya Yasmin na Denge Zanzibar wakati wa mkoloni, nlivyoiongelea saluni wale waliosoma kitabu shuleni walikuwa wanalinganisha na wale ambao hawajasoma walikuwa wanaangalia, na ni mazungumzo mawili. Wasomaji wanataka kila mtu wa kwenye kitabu aje. Mie ushauri wangu kwao waiangalie mara ya pili bila kitabu kichwani, maana wana haki ya kukipenda kitabu ila wanaikosa muvi, na ile muvi ina rangi na taa za usiku ambazo sijawahi kuona zimepigwa hivo kwenye kazi ya kwetu.

Kama unaandika badala ya kuongea mambo ni yale yale, ila andika fupi, maana kwenye maandishi huoni shingo ya mtu. Mie huwa naandika mistari minne mitano, kwanza tahadhari, alafu kipande changu kimoja, alafu nlihisi nini mwilini pale, mkono, tumbo, koo, kwa sababu mwili haudanganyi kama maneno, alafu swali. Swali la kweli ambalo sina jibu lake. Sio "mnaonaje" tu. Kwa ile ya baiskeli niliandika "hivi wewe ungevua mashuka?" na majibu yalikuja mpaka saa saba usiku, mmoja kaandika alishavua.

Yule mama wa rasta za kati alirudi kama miezi miwili baadae kufumua. Mie sikufungua mdomo kuhusu muvi kabisa, nlimuuliza habari za nyumbani kasema tunashukuru Mungu. Nlikuwa nishafika kisogoni nafumua rasta za mwisho mwisho akaniambia ameiangalia. Kamwambia mtoto wa dada yake amtafutie, kaiangalia peke yake kwenye simu, kwa vipande, siku nne. Nkasubiri. Hakuniambia imeishaje, wala hakusema ni nzuri au mbaya. Kasema "mie nimeliona lile gauni jekundu, lile analotaka limuenee tena, alilovaa siku mwanae amemaliza shule. Mie nnalo hilo gauni. La kwangu la kijani. Lipo kabatini".

Nkamuuliza bado linakuenea? Kasema hajalijaribu.